Matumbwitumbwi Hayaji Mara Tatu

Haupiti mwezi bila mzazi kutoka dirisha la malipo hapa kliniki yetu ya Nyakato, Mwanza, akinung'unika: "Mtoto ana matumbwitumbwi tu, damu chupa mbili za nini? Tumepigwa." Wengine hukasirika zaidi siku ya majibu, kwa sababu majibu yametoka safi na hela imeshatoka.

Matumbwitumbwi yenyewe kwa kawaida humpata mtu mara moja. Chanjo yake haimo kwenye ratiba ya taifa (sindano ya miezi 9 na 18 ni ya surua na rubela), kwa hiyo watoto wetu wengi huyapata kweli. Uvimbe wa kwanza hatuna ugomvi nao: parasetamoli, maji, na mtoto abaki nyumbani siku 5 tangu shavu livimbe. Ila shavu hilohilo likivimba tena Mei, na tena Septemba, jina hilo liwekwe pembeni.

Mara nyingi huwa ni uvimbe wa kujirudia wa tezi ya mate iliyo mbele ya sikio. Huanza zaidi kati ya miaka 3 na 6, wavulana wakizidi wasichana, hukaa siku kadhaa mpaka wiki moja au mbili, na kwa wengi huisha wakifikia kubalehe. Tukiibonyeza tezi, tunaangalia kitundu kilichoko ndani ya shavu, mkabala na gego la juu. Yakitoka mate yenye chembe nyeupe kama unga, ni ugonjwa huu. Ukitoka usaha, hapo antibayotiki ina kazi.

Usaha usipokuwepo, antibayotiki haina cha kuua. Lakini njia ya mkato ndiyo hiyo: duka la dawa, nusu dozi ya amoksilini, uvimbe unanywea siku ya tano kama ambavyo ungenywea wenyewe, na dawa inapewa sifa. Safari ya nne mzazi ameshalipia chupa nne, na nyumba nzima imeshazoea kumpa mtoto dawa ovyo. Prednisoloni, dawa ya kushusha uvimbe, ni mbaya zaidi. Inashusha seli za limfosaiti, nazo ndizo tunazozihesabu kutafuta upungufu wa kinga. Mtoto aliyeinywa jana anatupa majibu ya kupotosha, na kipimo kinarudiwa kwa hela ileile.

Kwa nini tutafute upungufu wa kinga? Kwa sababu baadhi ya watoto wenye uvimbe huu wana tatizo chini yake. Kipimo cha kwanza ni cha VVU, na hatukitozi; kituo cha serikali pia ni bure. Tezi zilizovimba kwa VVU mara nyingi ni pande zote mbili, haziumi sana, na hukaa miezi. Mtoto wa chini ya miezi 18 hapimwi kwa kipimo cha haraka pekee, maana kinaweza kuonyesha kinga aliyorithi kwa mama. Huyo huchukuliwa matone kwenye kadi, yakaushwe kivulini, yapelekwe kupimwa virusi vyenyewe. Wazazi huona tunawatuhumu. Hatumtuhumu mtu, kwa mtoto mwenye uvimbe huu, kukiruka kipimo hicho ndiyo uzembe.

Chupa ya zambarau ni ya picha kamili ya damu (hesabu ya seli zake), mililita 2, igeuzwe taratibu mara 8 hadi 10. Isipogeuzwa damu inaganda na chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinasomeka chache bure. Chupa ya pili hukaa nusu saa igande, izungushwe kwenye mashine dakika 10, kisha maji yake yapimwe IgG, IgA na IgM, aina tatu za kingamwili. Hapa ndipo bei inapopanda: kitendanishi (dawa ya kupimia) kikifunguliwa kina siku zake za kuisha, na mashine hupitishiwa kwanza sampuli za kontroli, ambazo majibu yake yanajulikana, hata kama mgonjwa ni mmoja. IgA ndiyo kinga ya kwenye mate. Ila kwa mtoto wa chini ya miaka 4 hatusemi amepungukiwa IgA, hata namba ikiwa chini. Mwili wake bado unaipandisha. Tutakwambia urudi akishakua, hata ukisema tunavuta hela.

Aliyeugua nimonia mara mbili ndani ya mwaka mmoja, au masikio mara nne, hatumsubirishi. Anapimwa, na majibu yakitia shaka anapewa rufaa kwenda hospitali ya Bugando. Majibu yakiwa safi, mnaacha kununua dawa kila shavu likivimba.

Nyumbani, uvimbe ukirudi: kitambaa cha uvuguvugu dakika 10, kisha kanda kutoka mbele ya sikio kuelekea mdomoni, mara 3 au 4 kwa siku. Ukwaju au ubuyu wa kumung'unya huvuta mate. Mtoto wa kilo 16 anahitaji kama lita 1.3 za vinywaji kwa siku, uji ukiwemo. Parasetamoli ya maji ya miligramu 120 kwa mililita 5 mpe mtoto wa kilo hizo mililita 10, kila saa 6, isizidi mara 4. Homa ikipita 38.5, akishindwa kufungua mdomo, au uso ukipinda upande, mlete siku hiyohiyo.

Anayetoka Sengerema au Ukerewe mara nyingi hufika uvimbe umeshanywea. Mpige mtoto picha kwa simu, uso mzima kutoka mbele, asubuhi ya kwanza, na uje na makopo ya dawa zote alizokwisha kunywa.