Picha ile si ya tiba mliyoiandika

Mhariri,

Wiki iliyopita mlichapa makala kuhusu tiba ya umeme hafifu wa ubongo. Mwandishi alifanya kazi yake vizuri, na mengi aliyoyaeleza ndiyo ninayoyaona kazini. Lakini juu ya makala hiyo mliweka picha ya zamani ya mtu aliyelazwa chali, watu wanne wamemshika mikono na miguu, kitambaa kimesokomezwa mdomoni. Hiyo ni tiba nyingine, tena ya enzi nyingine. Picha hiyo imemkimbiza mgonjwa wangu.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Kila asubuhi, kabla wagonjwa hawajaingia, nalowesha sponji kwa maji ya chumvi. Mama mmoja mwenye sonona ya muda mrefu alikuwa amekwisha kuhudhuria mara 6. Siku ya kwanza hakuinua macho. Siku ya sita aliniuliza kama nimelala vizuri. Aliyewahi kumuuguza mtu mwenye sonona atajua kwa nini swali lile lilinifurahisha siku nzima. Mara ya saba hakuja. Nilipompigia simu alisema kijana wake amemwonyesha gazeti na kumwuliza, "Mama, kumbe huko ndiko unakopigwa shoti?"

Shoti hiyo ina historia yake. Mwaka 1938, mjini Roma, Ugo Cerletti na Lucio Bini walianza kutumia umeme kumsababishia mgonjwa degedege la muda mfupi, na miaka ya mwanzo ilifanyika bila dawa ya usingizi. Leo mgonjwa hulazwa usingizi na misuli yake hulegezwa kwanza, na wapo walioinuka kitandani kwa tiba hiyo baada ya vidonge vyote kushindwa. Kwa hiyo hata hiyo haistahili kupakwa matope kwa picha ya miaka 80 iliyopita. Lakini mkondo wake ni wa takriban miliampea 800. Wetu ni miliampea 1 au 2. Degedege halipo, usingizi haupo, wala hakuna wa kumshika mtu.

Kwetu mgonjwa huketi kitini. Natenganisha nywele, nakagua ngozi isiwe na kidonda, nauliza kama ana chuma chochote kichwani, kisha nafunga mkanda: sponji moja kwenye paji la uso upande wa kushoto, nyingine kulia. Mkondo naupandisha polepole, kama nusu dakika hivi. Hapo ndipo husikia kuwashwa, kana kwamba sisimizi wanapita, halafu wengi husahau kama kuna kitu kichwani. Dakika 30 zinakwisha tukizungumza. Sponji ikikauka, mkondo hujikusanya mahali pamoja na ngozi huweza kuungua. Ikilowa kupita kiasi, maji huchuruzika na mkondo hutawanyika juu ya ngozi bila faida. Kazi hii inataka mtu aliye macho muda wote.

Mwandishi wenu aliandika kwamba umeme huu "huwasha" ubongo. Naelewa kwa nini alichagua neno hilo, ila linapotosha. Sehemu kubwa ya mkondo haifiki hata ndani. Ngozi na fuvu huuzuia. Kidogo kinachopenya hakina nguvu ya kuilazimisha seli ya neva ifyatuke. Kinachofanya ni kuisogeza tu: chini ya elektrodi chanya, yaani sponji inayoingiza mkondo, seli huwa nyepesi kidogo kuitikia, na chini ya elektrodi hasi, ile inayoutoa, huwa nzito kidogo. Michael Nitsche na Walter Paulus, huko Göttingen nchini Ujerumani, walilionyesha hilo mwaka 2000 kwenye sehemu ya ubongo inayoongoza misuli, na badiliko lilibaki kwa muda hata baada ya mkondo kuzimwa.

Maana yake kwetu sisi wauguzi ni kubwa. Kama umeme unaifanya seli iwe tayari tu kuitikia, basi lazima kuwe na kitu cha kuitikia. Wanaowahudumia watu waliopata kiharusi hawamfungi mgonjwa sponji wakamwacha akitazama ukuta. Humfanyisha mazoezi ya mkono uliopooza. Nasi kwenye sonona tunatumia dakika zile 30 kuzungumza na mtu, kumuuliza alivyolala, alichofanya jana, nani amemtembelea. Mimi sioni kama hayo ni mapambo ya tiba. Naona ni sehemu yake.

Je, inafanya kazi? Nitasema ninavyoona, bila kuipamba. Mwaka 2017 madaktari wa Brazil wakiongozwa na André Brunoni walitoa matokeo ya jaribio la watu 245 wenye sonona. Umeme hafifu uliwasaidia kuliko tiba bandia ya kulinganishia, lakini haukuweza kuthibitishwa kuwa unatosha kushika nafasi ya escitalopram, kidonge cha kutibu sonona. Mwaka 2023 jaribio la Ujerumani la watu 160, ambao tayari walikuwa wakitumia vidonge, halikuona tofauti yoyote kati ya umeme wa kweli na wa bandia. Mwaka uliofuata likaja jaribio la watu 174 waliojitibu nyumbani kwa wiki 10, huku wataalamu wakiwafuatilia kwa video. Karibu 45 katika kila 100 waliopata umeme wa kweli walipona dalili, dhidi ya karibu 22 katika kila 100 waliopata wa bandia. Ninapoyaweka matokeo hayo pamoja, naona tiba ya kweli yenye nguvu ya wastani, inayowafaa baadhi ya watu na kuwapita wengine. Mgonjwa anayeambiwa hivyo tangu mwanzo havunjiki moyo wiki ya pili.

Sasa jambo la pili, na hili limeniudhi kuliko picha. Kwenye ukurasa ule ule, chini kabisa, mlichapa tangazo la kifaa cha kujifunga kichwani ambacho eti "kinaongeza akili" kwa wanafunzi. Juu mnawatisha wagonjwa, chini mnawaita wenye afya. Mwaka 2016 watafiti 39 wa fani hii waliandika barua ya wazi katika jarida la elimu ya neva kuwatahadharisha watu wanaojiwekea umeme wenyewe. Walieleza kwamba mkondo hauishii pale ulipoweka sponji, kwamba uwezo mmoja unaweza kuongezeka na mwingine ukapungua, na kwamba mabadiliko yanaweza kudumu kuliko mtu alivyotarajia. Hao si maadui wa tiba hii; ndio walioijenga.

Usalama wake upo, lakini upo ndani ya mipaka. Uchunguzi uliotolewa mwaka huohuo wa 2016 ulipitia vipindi zaidi ya 33,000 na haukukuta dhara kubwa wala jeraha la kudumu. Vipindi hivyo vilikuwa na kipimo kinachojulikana na mtu wa kusimamia. Hata hivyo, katika jaribio lile la Brazil wagonjwa wawili waliopewa umeme walipanda upande wa pili, wakaingia kwenye wazimu wa furaha na pilikapilika ambao hawakuwahi kuwa nao. Waligundulika kwa sababu walikuwa wakitazamwa. Mwanafunzi aliyejifungia chumbani na kifaa cha tangazo lenu, nani atamtazama?

Naomba mambo mawili. Chapeni masahihisho ya picha ile, ukurasa uleule na ukubwa uleule. Kama hamna picha, nitawatumia: ni kiti, mkanda, sponji mbili na kisanduku kidogo. Na kabla ya kupokea tangazo lingine la kifaa cha kichwani, mwulizeni mwenye nacho kimeidhinishwa na nani, na kwa ugonjwa gani.

Tena, kwa yule kijana aliyemwonyesha mama yake gazeti, najua ulifanya hivyo kwa kumpenda. Njoo naye siku moja. Kaa kwenye kiti cha pembeni, ushike sponji kabla sijazifunga, utazame mita inavyopanda mpaka 2 na kusimama hapo. Ukiona jambo lisilokuridhisha, ondoka naye, sitawazuia. Nafasi ya mama ya saa nne asubuhi sijampa mtu mwingine.

Muuguzi wa afya ya akili