Kwa vijana wa Kisumu mnaoandika hadithi za sayansi za kutisha

Wanangu,

Rasimu zenu nimezisoma zote, na kalamu mnayo. Ila karibu kila mmoja amempeleka mhusika wake angani, kwenye chombo kilichopotea, ili apate upweke. Upweke tunao hapa Winam, ghuba yetu ya Ziwa Viktoria. Wavuvi wa omena, dagaa wetu, hutoka usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, watu wanne na taa zao. Upepo ukigeuka, gugumaji linafunga njia: kasia halipenyi, mizizi inajisokota kwenye pangaboi, simu haishiki mtandao. Sasa mmoja wao aanze kuvuta wavu kwa mkono wa kushoto, na wote wanajua ni mtu wa kulia. Mwenzake aone, anyamaze. Msomaji ameshaanza kuogopa, na dude lenyewe bado halijatajwa.

Nawasihi msiharakishe kulitoa. Katika filamu ya John Carpenter ya 1982, The Thing, wanaume waliokwama Antaktika wanapimana damu kwa waya wa moto, kwa sababu kuna kiumbe anayeiga binadamu. Wengi husifia pale dude linaporuka. Mimi hunikaa moyoni yule Clark, mmoja wao, aliyekwisha kupigwa risasi katika vurumai ya kushukiana. Damu yake inapimwa naye ni maiti, na inaonekana alikuwa mtu tu, kama wao.

Jambo hilo kwetu si la sinema. Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, akina mama wanne waliuawa na kuchomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Waliowashuku ni watu wa karibu, waliozoea kusalimiana nao. Ndiyo maana hadithi ambayo umati unashuku, unaua, kisha mwandishi anauthibitishia kwamba ulikuwa sahihi, mimi siikubali hata iwe na ufundi kiasi gani. Mnazo mbili za namna hiyo. Ziandikeni upya.

Mpeni mshukiwa kinywa. Huyo wa mkono wa kushoto huenda alichomwa na mwiba wa samaki, ngege, juzi, kiganja kimevimba, anaona haya kulalamika mbele ya wazee wa chombo. Ama kweli si yeye tena. Yote mawili yawezekane, sentensi kwa sentensi, mpaka wenzake wawe wamekwisha kumtosa.

Nileteeni rasimu mpya kabla ya Krismasi, zilizochapwa kwa herufi kubwa, maana macho yangu yamechoka.

Mzee wenu,
Nyalenda