Mnamuuliza uzoefu wa utafiti, ataupata wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kooni. Kuna hizi feloshipu za utafiti ambazo vyuo vinawapa wanafunzi wanaoingia mwaka wa kwanza, yani mtu hata darasani hajakanyaga lakini barua ya kupokelewa inamwambia kuna nafasi ya kufanya kazi na profesa, pengine masaa 8 au 10 kwa wiki, na posho juu. Kitu kizuri sana hicho, mi sipingi, mwenyewe nimepita huko. Ugomvi wangu ni fomu.

Juzi mpwa wangu kaja na simu yake nimsaidie kujaza, tukaenda vizuri jina, masomo, matokeo, tukafika swali linasema "Eleza uzoefu wako wa utafiti." Akaniangalia. Anko, hapa naandika nini? Nikakosa la kumwambia, kijana katoka sekondari juzi tu, utafiti kaufanyia wapi? Na kisanduku chenyewe hakikubali kuachwa wazi, ukiacha wazi kinawaka nyekundu.

Sasa jiulize nani anakijaza hicho kisanduku bila kutoka jasho. Ni yule ambaye mama yake ni lekchara, au likizo alikaa kwenye maabara ya rafiki wa baba akiosha vichupa, basi ataandika "nilishiriki katika projekti ya" na kila mtu atatikisa kichwa. Simlaumu, mimi pia ningeandika. Lakini huyo hata bila feloshipu angefika maabara, njia anaijua, na akikwama kuna wa kumpigia. Aliyeihitaji kweli kakwama kwenye kisanduku chekundu.

Na hizi programu ukifuatilia zilikoanzia utaona hazikuwa za wenye uzoefu. Kule Marekani, pale chuo cha MIT, mwaka 1969 Margaret MacVicar alianzisha mpango wao wanaouita UROP ili mwanafunzi wa shahada ya kwanza akae meza moja na watafiti wakubwa wakati bado anasoma, asisubiri masters. Chuo cha Michigan wakaanza ya kwao 1989 wakilenga hasa wa mwaka wa kwanza na wa pili, na sababu kubwa ilikuwa kuwashika wanafunzi wa makundi ambayo wengi walikuwa wanaacha chuo njiani. Chuo cha Texas kilichoko Austin wao wakaenda mbali zaidi, tangu 2005 wana mpango ambao wa mwaka wa kwanza anaingia kwenye kundi la utafiti na kazi anayofanya humo inahesabiwa kama somo. Yani uzoefu ndio kitu kilichokuwa kinatolewa, sasa imekuwaje umegeuka kiingilio cha mlangoni?

Ngoja niseme nilivyofanya mimi mwaka wa kwanza ili watu waone huo "utafiti" unaotisha ukoje. Niliwekwa kuingiza dodoso kwenye kompyuta, karatasi mia na kitu kuhusu usingizi wa wanafunzi, umri, jinsia, unalala masaa mangapi, na aliyeacha swali bila kujibu unamwekea 99 ili ijulikane hakujibu. Nikaingiza zote kwa bidii, nikaambiwa haya toa wastani, nikatoa. Wanafunzi wanalala masaa 17 kwa usiku! Nikampelekea kaka mmoja wa masters aliyekuwa ananielekeza, akacheka mpaka akaweka kikombe chini, alafu akasema usiku gani huo wa masaa 17, nenda kaangalie karatasi zako. Jibu hakunipa. Nikarudi nikakaa jioni nzima napitia moja moja mpaka nikaziona zile 99 zimehesabiwa kama masaa ya kulala. Ile jioni nilijifunza kuliko muhula mzima wa takwimu, na mpaka leo nikiona namba kwenye gazeti (hata lako Mhariri, samahani) swali la kwanza kichwani ni hili, waliokataa kujibu wamewekwa wapi?

Huyo kaka ndiye alikuwa feloshipu yangu. Profesa mwenye projekti nilimwona mara mbili mwaka mzima, na mara moja ilikuwa siku ya kupiga picha mbele ya mabango. Kwahiyo mpwa wangu nimemwambia akipata nafasi asiulize profesa ni maarufu kiasi gani, aulize nani atakaa na mimi kila wiki na anaitwa nani. Wakishindwa kumtajia mtu, ajue ataishia kutoa fotokopi.

Hela nayo isemwe. Kuna vyuo vinakwambia unaweza kufanya kwa posho, au kwa kuhesabiwa kama somo, au kujitolea, na kwa wageni wa mwaka wa kwanza hiyo ya kujitolea ndiyo inasukumwa sana eti ujenge CV kwanza. Mwanafunzi anayejilipia chumba masaa 10 ya bure kwa wiki hana, atakwenda kuuza duka jioni na nafasi itabaki kwa asiye na shida ya kula. Na kwa wale mnaoangalia Marekani, ile programu ya utafiti ya serikali yao inaitwa REU, ipo tangu 1987 na inalipa vizuri kwa kazi ya likizo, ila hela yake ni ya raia wao na wenye ukaazi wa kudumu, someni hicho kipengele kabla ya kukesha mnaandika insha. Hizi za chuo chenyewe mara nyingi hazina hicho kikwazo.

Nirudi kwenye fomu. Mi ningependa wanaoziandaa wafute lile swali waweke hili: niambie kitu kimoja kilichokusumbua ukajaribu mwenyewe kujua kwanini. Basi. Maana nilipomuuliza mpwa wangu hivyo akafikiri kidogo akasema labda ile ya simu. Ipi? Akaenda kuleta daftari. Kumbe betri ya simu yake ilikuwa inaisha usiku bila kutumika, akaanza kuandika kila akilala chaji ni asilimia ngapi na akiamka ngapi, safu moja ya tarehe, safu ya chaji, safu ya programu aliyoizima usiku huo, moja kila usiku, zaidi ya miezi miwili. Kuna siku kaandika "nimesahau", hakubuni namba. Pembeni ya usiku wa 23 kachora duara, ndipo alipomkamata mwizi, programu ya hali ya hewa, na bado akaiwasha tena usiku wa 24 kuhakikisha.

Nikamwambia si ndio huu. Akasema anko acha utani, huu si utafiti, ni simu yangu tu.

Tukaandika hilo la betri kwenye kisanduku, maneno 150 wanayoruhusu, tukatuma siku mbili kabla ya dedlaini. Majibu bado. Daftari anaendelea nalo, sasa hivi anaandika za simu ya mama yake.

Msomaji wako wa siku nyingi