Mashanta ya safari ya msituni

Habari za jioni wanakikundi. Maswali ya shanta gani mnunue kwa safari yetu yamekuwa mengi, nayajibu kwa mkupuo.

Kulala msituni usiku mmoja, lita 35 hadi 40 zinatosha. Kwenye maduka ya mitumba ya jeshi hapa Marekani ulizieni ALICE ya kati, shanta ya jeshi la Marekani, muundo wa miaka ya 1970: ina mifuko mitatu nje na inabebeka hata bila fremu, yaani kile kiunzi cha chuma cha mgongoni. Ile kubwa bila fremu msiiguse, itawamaliza mgongo. LK 35, shanta ya jeshi la Sweden, nayo ni imara, ila haina mifuko ya nje.

Kabla ya kulipa, igeuze ndani nje na ukwaruze kitambaa kwa ukucha. Utando wa kuzuia maji ukibanduka kama maganda, achana nayo. Vuta kwa nguvu mikanda ya mabegani pale iliposhonewa. Uzito wote unaning'inia hapo. Harufu ya ukungu isikutishe, unafua na kuanika. Fremu yenye ufa mwachie muuzaji.

Rangi, chukueni kijani tupu. Mabakamabaka ni mbwembwe tu, na ukienda nayo likizo Tanzania au Uganda unajitafutia maswali ya askari.

Mwenye begi la shule lililo imara aje nalo. Picha tupieni humu kabla hamjalipa.