Hakuna aliyemlisha sumu Watasema: barua kwa mdogo wangu aliyeko Doha

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Uliyoyaandika kwenye kundi la ukoo nimeyasoma, na nimeona yalivyosambaa. Mpaka watu wa Koboko wananipigia simu kuuliza kama ni kweli mzee jirani yetu amemuua mbwa wetu kwa sumu. Umemtuhumu mtu mbele ya watu, basi na mimi nakujibu mbele ya watu.

Mbwa wetu, Watasema, hakulishwa sumu. Amekufa kwa uzee na figo.

Najua fikira hiyo umeitoa wapi. Hapa Arua, Uganda, mbwa akifa, neno la kwanza mdomoni mwa watu ni sumu, na si bure: mwizi hutanguliza kipande cha nyama chenye dawa, ndipo anarudi kwa ajili ya mbuzi. Na mzee mwenyewe aliwahi kuapa mbele ya mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, kwamba "huyu mbwa nitamwonyesha", siku ile ya batamzinga wake. Lakini mbwa aliyekula sumu hutetemeka, hutokwa na povu, na mara nyingi hafiki asubuhi. Huyu alianza kukonda kabla hata ya Ramadhani. Maji alikuwa akiyanywa kama ng'ombe. Akimaliza bakuli anakwenda kulamba tone linalovuja kwenye jerikeni, kisha anakojoa pale pale alipolala, yeye ambaye baraza hakuwahi kulichafua tangu mtoto. Posho, yaani ugali, na dagaa wa mukene ananusa tu, anageuza uso. Mwishoni hata pumzi yake ilikuwa inanuka mkojo.

Daktari wa mifugo alimfunua mdomo akanionyesha fizi zilivyopauka, na vidonda vidogo pembeni mwa ulimi. Akanieleza kwamba figo za mbwa mzee huchoka polepole bila mtu kujua, na dalili zinapoanza kuonekana sehemu kubwa ya figo imeshakufa. Akamtundikia dripu. Akachangamka, akabweka hata kidogo, halafu akalala tena.

Sasa niulize ni nani aliyemfikisha kwa daktari. Boda boda wa kwanza alikataa kabisa kubeba mbwa, wa pili akataka nauli ya abiria watatu. Mzee akatoka na toroli lake la matofali, akatandika gunia, akamsukuma mpaka mjini, mimi nafuata nyuma na mwavuli nikimzuilia jua. Watoto walitucheka njia nzima. Mzee hakusema lolote kuhusu batamzinga.

Wewe hukuyaona hayo, ndiyo maana nakuandikia. Lakini ya mwanzo uliyaona vizuri kuliko mimi, kwa sababu ni wewe uliyemleta mwaka 2012, ndani ya boksi la sabuni, na Haboba akakusimamisha getini. Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, alisema. Ukamjibu kwamba mbwa wa ulinzi ameruhusiwa, na wa kuwinda, na wa kuchunga mifugo. Kijana wa sekondari anamfundisha dini bibi yake! Akakwambia ukamlete shehe aseme mwenyewe. Shehe akasema. Haboba akakubali kwa masharti: kizingiti asivuke, vyombo vyake vikae peke yake, na akilamba chombo cha watu kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Lile kopo la udongo bado liko pale kwenye bomba. Jina alimpa yeye, akalitoa kwenye leso aliyokuwa amejifunga asubuhi hiyo: watasema mchana, usiku watalala. Kwa mbwa wa zamu ya usiku sijui jina gani lingefaa zaidi.

Na kizingiti hakukivuka, hiyo nakuapia. Alikuwa analala nje ya mlango na miguu ya mbele ameinyoosha mpaka kucha zinagusa ukingo wa saruji, haziupiti. Ijumaa Haboba akisoma Suratul Kahf akafika kwenye watu wa pangoni na mbwa wao aliyenyoosha miguu kizingitini, sauti yake ilikuwa inapungua kasi kidogo. Mara moja nilimuuliza kwa nini mbwa yule ametajwa. Akanifungulia mbele kidogo, pale watu wanapobishana juu ya idadi ya wale vijana. Wako waliosema ni watatu, wa nne mbwa wao. Wako waliosema watano, wa sita mbwa wao. Na wako waliosema saba, wa nane mbwa wao. Idadi ndiyo waliyoshindana, akasema, lakini mbwa hakuna aliyemwacha nje ya hesabu. Halafu akanituma nikamwekee maji.

Wakati wa korona ulikuwa hapa bado, unakumbuka. Mwaka 2020 kafyu ilianza saa moja jioni, mtaa mzima kimya, na shule zilizofungwa Machi hazikufunguka kikamilifu mpaka Januari 2022. Katika mtaa wote Watasema peke yake ndiye aliyekuwa anatembea usiku bila karatasi. Anakwenda kwa mzee, anazunguka zizi, anarudi. Ndivyo ulinzi wa nyumba moja ulivyogeuka kuwa wa nyumba mbili, na mzee akaanza kumwekea mifupa. Hilo hukuliandika kwenye kundi.

Ulipoondoka, kadi ya chanjo uliniachia mimi. Kila ikikaribia Septemba 28, siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa, nilikuwa naitafuta. Ile foleni chini ya mwembe ni tamasha: mmoja kamfunga mbwa kwa kamba ya katani, mwingine kwa mkanda wa suruali, mtoto kambeba wake begani kama mdogo wake, na mbwa wenyewe wanatukanana. Watasema alikuwa anakaa. Sindano ikiingia ananitazama mimi, si daktari. Kadi bado inasema mwenye mbwa ni wewe, sikuwahi kuibadilisha. Ulisema kwenye simu kwamba wewe na yeye mna kazi moja, kukesha mlangoni, ila yeye hana wa kumpokea zamu. Nilicheka siku ile.

Mwishoni daktari alitushauri adungwe sindano ya kumpumzisha. Mimi nilikubali, na bado naona lilikuwa shauri jema, maana alikuwa anateseka. Haboba akakataa: mwenye kuchukua roho yupo, hajatuomba msaada. Tulibishana mpaka usiku, na kabla ya adhana ya alfajiri akawa ameshakufa, pale pale barazani. Kaburi alilichimba mzee, nyuma ya muhogo, kina cha kutosha, juu akapanga mawe ili mbwa wengine wasifukue. Nilitaka kumfunika kwa leso kuukuu. Haboba akasema leso ni ya watu. Akaingia ndani akatoka na gunia jipya la mchele, lile alilolificha kwa ajili ya kuanikia muhogo, ambalo sisi sote tulikatazwa kuligusa.

Shangazi kasema kulilia mbwa ni mambo ya Wazungu. Gulu si Ulaya. Pale kuna watu wa Comfort Dog Project, wanaowakutanisha walioumizwa na vita vya waasi wa LRA na mbwa waliookotwa mitaani, wakae pamoja, watembee pamoja, na watu wanarudiwa na usingizi. Kwa hiyo ukilia huko, lia. Wenzako wa chumbani wakicheka waambie umefiwa nyumbani. Si uongo.

Ila yale maneno ya sumu uyafute, na uandike mengine mahali pale pale ulipoyaandika. Mzee hana simu ya intaneti, lakini mjukuu wake anayo, na ndiye aliyemsomea. Tangu siku hiyo hajaja kunywa chai kwetu. Haboba anamwekea kikombe, kinapoa, anakimwaga.

Namba yake unayo. Mpigie Ijumaa baada ya swala, hapo huwa amekaa na hana haraka. Doha na Arua saa ni zile zile, usije ukaniambia ulidhani amelala.

Dada yako