Risala ya Kikundi cha Wagonjwa wa Kisukari na Presha kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kisukari Duniani, 14 Novemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya,
Mheshimiwa Diwani,
Mganga Mfawidhi wa kituo chetu cha afya,
Wazee wetu na ndugu wanakikundi,

Asalaam aleikum! Tumsifu Yesu Kristo! Bwana asifiwe!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kufika, hasa kwa barabara yetu wakati huu wa vuli. Kikundi hiki kilizaliwa kwenye benchi la kliniki, watu wakisubiri kupimwa. Leo tuna mfuko wa kuuguzana na mashine ya presha tuliyoinunua kwa michango. Mengine ya maendeleo yetu katibu atakukabidhi kwa maandishi, maana tuna jambo moja tungependa ulisikie.

Kila mwisho wa mwezi vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za huduma za afya, vinajazwa, nasi tunahesabiwa: wapya wangapi, wa marudio wangapi. Mzee wetu mmoja hakukosa kliniki hata moja. Kitabuni ni mgonjwa wa kupigiwa mfano. Wakati huohuo kidonda kilikuwa kinakua ndani ya kiatu chake, wala hakuna aliyewahi kumwambia avue tukione. Mguu ukakatwa chini ya goti. Mahudhurio yake yote yamo kitabuni, mguu haumo. Hatumlaumu muuguzi: ni huyohuyo anayepima, anayegawa dawa na anayejaza vitabu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hoja hii, kwamba yahesabiwe matokeo na si mahudhurio tu, si sisi wa kwanza kuitoa. Zaidi ya miaka 100 iliyopita daktari wa upasuaji wa Boston, Marekani, Ernest Codman, alidai kila hospitali imfuatilie mgonjwa mpaka ijulikane kama tiba ilimfaa, na matokeo yatangazwe hata yakiwa mabaya. Wenzake wengi hawakumpenda kwa hilo. Mwaka 2006 wasomi wa Marekani, Michael Porter na Elizabeth Teisberg, waliirudia hoja hiyo kwa upande wa fedha: thamani ya huduma ni matokeo anayoyapata mgonjwa, yakiwekwa kwenye mizani na gharama iliyotumika. Kule Hamburg, Ujerumani, hospitali ya Martini-Klinik inayotibu saratani ya tezi dume humfuatilia mgonjwa baada ya upasuaji na kumuuliza kama mkojo unavuja, na kama mambo ya unyumba yanakwenda. Wazee mtuwie radhi, lakini hayo ndiyo mtu hurudi nayo nyumbani.

Sisi tumejaribu kwa uwezo wetu. Kila mwanakikundi ana ukurasa wake daftarini. Presha imeshuka chini ya 140/90? Sukari ya asubuhi kabla ya kula ni ngapi? Miguu imekaguliwa, hadi katikati ya vidole? Bado unasoma meseji kwenye simu bila kusaidiwa? Ulilazwa? Ulitumia shilingi ngapi, pamoja na bodaboda? Hilo la bodaboda ndilo lililotufumbua macho. Wapo wanaopewa dawa za wiki mbili tu, na nauli ya kuzifuata inazidi bei ya dawa zenyewe.

Tunajua pia hatari yake. Kituo kikihukumiwa kwa matokeo peke yake, kitaanza kuwakwepa walio hoi. Kwa hiyo hali ya mtu siku ya kwanza nayo iandikwe, ili aliyekuja na presha ya 200/120 asipimwe kwa kipimo kimoja na aliyekuja na 150/95.

Tunaomba, Mheshimiwa, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu kifike kituoni kwetu, maana sukari ya asubuhi moja humsifia hata aliyefunga jana tu kwa kuogopa kliniki. Tunaomba ukaguzi wa miguu uwe sehemu ya kliniki, na waliotulia wapewe dawa za muda mrefu zaidi. Matokeo yetu, bila majina, yasomwe kwenye Kamati ya Usimamizi wa Kituo pamoja na taarifa ya mapato. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Fedha za bima hiyo zitakapofika huku chini, tungependa malipo yaangalie pia miguu iliyobaki mizima na macho yanayoona.

Daftari letu liko hapa mezani. Tunaomba ulipitie kabla hujaondoka, na utuelekeze kipi tuongeze na kipi tuache.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.