Malalamiko: Nirudishieni Difu Yangu ya 3.9

Kwa Meneja Mkuu,

YAH: KUBADILISHIWA DIFU YA DATSUN 240Z BILA RIDHAA YANGU

Ndugu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Salamu nimeziacha kwa makusudi, maana mara ya mwisho niliposalimia kaunta yenu hakuna aliyeitikia.

Nilileta gari kwenye karakana yenu libadilishwe sili ya pinioni, kile kimpira kinachozuia oili isivuje kwenye difu, lile sanduku la gia la magurudumu ya nyuma. Sili tu. Utaratibu wenu wa kuchukua saini ya mteja kabla ya kugusa kitu kingine mnaujua, mmeubandika ukutani wenyewe. Nikarudishiwa gari lenye difu ya 3.364, ile iliyofungwa kwenye magari ya soko la Marekani yenye gia nne. Langu lina gia tano na lilikuja na 3.9, yaani propela, ile fimbo ndefu inayotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye difu, huzunguka mara 3.9 magurudumu yakizunguka mara moja. Namba ikishuka, nguvu ya kuvuta nayo inashuka.

"Difu ni difu, mzee. Si imeingia?" Ndivyo alivyonijibu kijana wenu wa kaunta, mbele ya wateja.

Imeingia, ndiyo. Nyumba yake, yaani kasha la nje, ni ya aina ileile ya R180, boliti zilezile. Lakini gia yangu ya tano ni 0.852. Zidisha kwa 3.9, unapata 3.32, karibu sawa na gia ya nne ya lile la Marekani, ambayo ni 1 mara 3.364. Waliolitengeneza walipiga hesabu, nyinyi mmepima matundu ya boliti. Sasa tano yangu ni pambo, nikiiweka injini inagugumia mpaka nipate mteremko. Kitonga, ambako hupanda na tatu, safari hii nilipanda na pili, mama watoto akiniuliza kama gari linaumwa.

Na tochi! Hiyo ilikuwa kabla ya Kitonga, nimeiruka kwa hasira. Mshale wa spidi unaendeshwa kutoka kwenye giaboksi, kwa hiyo mlipobadilisha difu mliufanya mwongo. Unasoma 50, gari liko 58. Nilimwapia askari kwamba sikuzidisha, akanionyesha tochi. Shilingi 30,000.

Nirudi kaunta, maana hapo ndipo penyewe. Sikuja na maneno matupu. Niliomba gari lipandishwe jeki, nikachora chaki kwenye propela, nikapiga magoti kwenye oili yenu na miaka yangu 68. Mafundi wawili wakazungusha magurudumu ya nyuma kwa pamoja, mzunguko mmoja. Kwa difu yangu propela ingekaribia mizunguko minne. Ilizunguka mitatu na theluthi. Mafundi walinyamaza, niseme ukweli, wao walijua. Kijana wenu hakuitazama chaki. Alitazama simu yake, akasema, "Difu ni difu, mzee. Si imeingia?" Kisha akawageukia wenzake: "Hawa wa magari ya makumbusho wana kazi kweli." Wakacheka. Mjukuu wangu amesimama pale, kipande cha chaki mkononi.

Makumbusho! Gari la aina hii lilishinda Safari Rally 1971, likarudia 1973, kwenye vumbi na tope la hapa hapa Afrika Mashariki.

Nilipoanza kuandika nilitaka difu yangu tu. Sasa naona haitoshi. Mnifungie difu yangu ileile, mnirudishie gharama ya kazi, na ile 30,000. Na huyo kijana aniombe radhi palepale kaunta, mjukuu wangu akiwepo. Kama difu yangu imeshauzwa, na naanza kuamini hivyo, basi huo ni wizi na nitauandikisha polisi kwa jina hilo.

Nawapa siku saba. Ya nane mtasikia kutoka kwa wakili wangu, na malalamiko yatakuwa mezani kwa Tume ya Ushindani.

Nimeambatisha nakala ya karatasi yenu ya kazi. Imeandikwa "sili" peke yake.

Mteja wenu,
mwenye 240Z nyekundu